Gari Linapokataa Kona

Kaa kidogo kando ya laga yoyote, mto wa msimu, karibu na Kalemng'orok kule Turkana, mchanga ukiwa umekauka na jua limeshapanda, utaliona jambo lenyewe bila kuelezwa. Pikapu inashuka ukingo. Njia ya waliotangulia inapinda kushoto, dereva anakata usukani. Magurudumu ya mbele yamegeuka, kila mtu anayaona yamegeuka, lakini gari linanyooka kuelekea ukingo wa pili kana kwamba halikuambiwa kitu. Dereva anazidisha kukata. Sasa tairi zinalima, mchanga unarundikana mbele yake na gari linaanza kuzama. Juu ya mizigo turniboi anapiga kelele: "Nyoosha, dere! Nyoosha kwanza!" Dereva anayeijua kazi ananyoosha kidogo, anaachilia mafuta, pua ya gari inainama, tairi zinapata pa kushika, kisha anakata tena taratibu. Gari linageuka.

Kelele hiyo ya turniboi ndiyo ninayotaka kuitetea hapa, mbele ya vijana wanaopeleka magari yao ya zamani kwenye autokrosi na kuamini kwamba gari likikataa kona, dawa yake iko kwenye duka la vipuri. Mara nyingi haiko huko. Iko kwenye mguu wa dereva, kisha kwenye bushi zilizochoka, kisha kwenye tairi. Duka linakuja mwisho kabisa, na wakati mwingine halifikiwi.

Tuelewane kwanza kuhusu uwanja. Autokrosi ya Marekani huchezwa zaidi kwenye lami, katika maegesho makubwa au viwanja vya ndege, dereva akizunguka koni akishindana na saa. Ya kwetu Kenya, inayosimamiwa na shirikisho la michezo ya magari nchini, KMSF, ni mchezo wa udongo. Jamhuri Park jijini Nairobi na viwanja vya upande wa Athi River vimeona vumbi lake kwa miaka mingi. Mashauri mengi yanayomfikia kijana wa Kenya kuhusu gari kukataa kona yameandikwa na watu wa lami, wenye tairi laini zinazonata. Anayachukua yalivyo, anayafunga kwenye gari lake, kisha anashangaa kwa nini kwenye murram gari limekuwa baya kuliko lilivyokuwa. Anayetoka Turkana, aliyejifunza kuendesha kwenye mchanga wa laga za Kawalase au Tarach, tayari anajua kitu ambacho mwandishi wa lami hakijui: ardhi ikiwa legevu, usukani ni ombi tu. Tairi ndiyo inayoamua.

Halafu kuna suala la gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuagiza kutoka nje gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari la michezo la zamani unalolikuta hapa leo, tuseme Subaru Impreza ya kizazi cha kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya 1992 na 2000, limekuwa nchini kwa miaka mingi. Limepita mikononi mwa watu wengi, mashimo mengi, na mafundi wengi ambao kila mmoja alirekebisha alichoweza kwa pesa aliyopewa. Nimechagua Impreza kwa sababu ndilo gari ambalo wengi wanalitamani na wengi wanalipata, na kwa sababu Wakenya wanalipenda kwa moyo. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa ndani yake, Richard Burns akarudia 2000, na kabla yao dereva Patrick Njiru alikuwa ameshaipa Subaru uso wa Kikenya. Ni gari zuri. Lakini kwa asili yake linakataa kona, na sababu unaiona ukifungua boneti: injini yote imekaa mbele ya mstari wa ekseli ya mbele.

Chukua gari la kilo 1,250. Karibu asilimia 60 ya uzito iko mbele, yaani kilo 750, na nyuma zimebaki 500. Tairi nne ni za aina moja na ukubwa mmoja. Sasa tabia ya mpira ni kwamba ukiuongezea uzito mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka pungufu ya hapo. Tairi za mbele zinabeba zaidi, lakini kila kilo ya mbele inapata mshiko mdogo kuliko kila kilo ya nyuma. Gari likiingia kona kwa kasi inayokaribia mwisho wa uwezo wake, mbele ndiyo itakayoshindwa kwanza. Huo ndio msingi wote wa ugonjwa huu. Kutupa mkia ni hali ya kinyume, nyuma inaposhindwa kabla ya mbele.

Hapa msomaji makini atauliza: kama uzito wa mbele ndio tatizo, mbona dereva wa lagani aliponya gari kwa kuinamisha pua, yaani kwa kupeleka uzito zaidi mbele? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo jambo ninaloliona la thamani kuliko yote katika mada hii. Uzito wa injini ni mzigo wa kudumu: unaikandamiza tairi, na pia tairi hiyo inalazimika kuuvuta uzito huohuo kuingia kwenye kona. Uzito unaohamia mbele wakati wa kufunga breki ni wa kukopa. Unaikandamiza tairi lakini hauleti chuma kipya cha kuvutwa. Chuma kiko palepale kilipokuwa. Kwa Impreza yetu yenye mita 2.52 kati ya ekseli mbili, tukichukua kwamba kitovu cha uzito kiko nusu mita kutoka ardhini, breki ya wastani inayopunguza mwendo kwa sehemu nne za kumi za nguvu ya mvutano wa dunia inahamisha kama kilo 100 kutoka nyuma kwenda mbele. Tairi za mbele zinakandamizwa na kilo 850 ilhali kazi yao ya kugeuza bado ni ya kilo 750. Za nyuma zimebaki na 400 na zinatakiwa kushikilia 500. Gari lililokuwa likikataa kona sasa liko tayari kuzunguka, na hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Mkopo huo una masharti. Mshiko wa tairi ni posho moja: ukiitumia yote kwenye breki, hakuna kilichobaki cha kugeuza. Ndiyo maana anayefunga breki kwa nguvu mpaka katikati ya kona ananyooka kama yule asiyefunga kabisa. Ufundi ni kufunga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha kuachilia breki polepole kadiri usukani unavyokatwa, mkono na mguu vikipokezana. Wengi wanaoanza huachilia breki ghafla, pua inainuka, mkopo unarudishwa wote kwa mara moja, na wakati huohuo ndipo wanapokata usukani. Kisha wanashuka wakilaumu shokabzoba.

Mtu aliyeifikisha sanaa hii mbali alipita nchi hii. Erik Carlsson wa Sweden, katika Safari ya 1964, alimaliza wa pili nyuma ya Ford Cortina GT ya Peter Hughes, akiendesha Saab 96, kigari chenye injini ndogo ya mipigo miwili inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Gari la namna hiyo lina kila sababu ya kukataa kona: injini iko mbele, nguvu iko mbele. Na dawa ya kuachilia mafuta ina gharama yake, kwa kuwa injini ndogo inapoteza pumzi. Carlsson na Rauno Aaltonen wa Finland ni miongoni mwa waliojulikana kwa kufunga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Magurudumu ya mbele yanaendelea kuzunguka kwa sababu injini inayasukuma, ya nyuma yanazuiwa na kuanza kuteleza, na gari linaelekeza pua ndani. Kwenye Impreza mbinu hiyo inafanya kazi pia, hasa kwenye murram, ila mguu wa kushoto uliozoea klachi unahitaji wiki kadhaa kufundishwa upole.

Nimekaa sana kwenye mlango wa kona kwa sababu ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Lakini kona ina sehemu tatu, na gari linaweza kukataa katika yoyote kati ya hizo. Likikataa mwanzoni, chunguza breki, mwendo na jinsi unavyokata. Likikataa katikati, ukiwa huna breki wala mafuta mengi, hapo ndipo gari lenyewe linaposema: tairi, alaimenti, springi, stabilaiza. Likikataa wakati wa kutoka, ukiwa umeshakanyaga mafuta, uzito umerudi nyuma na pua imeinuka. Ama umekanyaga mapema, ama difu zina neno. Dereva asiyejua kukataa kwake kumeanzia wapi hawezi kumsaidia fundi yeyote. Mwambie mtu mwenye jicho asimame mahali salama kando ya kona akirekodi kwa simu magurudumu ya mbele tu. Picha hiyo itaonyesha pia kosa linalofanana na la lagani: dereva amekata usukani kupita kiasi na tairi zinasukuma udongo badala ya kugeuza gari. Kwenye udongo legevu tairi hufanya kazi kwa pembe kubwa ya mtelezo kuliko kwenye lami, lakini hata huko kuna mwisho, na baada ya mwisho huo kila unachoongeza kwenye usukani kinakupunguzia.

Nisiwaache wenye magari ya aina nyingine. Porsche 911 ya zamani ina injini nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito wake umegawika karibu kinyume cha Impreza, na bado dereva mgeni atakuambia inakataa kona. Pua yake ni nyepesi. Ukiingia na mafuta, tairi za mbele hazina cha kuzikandamiza. Kisha mtu akishtuka na kuachilia mafuta katikati ya kona, mkia wenye injini unampita. Björn Waldegård, aliyekuwa ameshashinda Safari mara nne, alishinda Safari ya magari ya zamani mwaka 2011 ndani ya 911 akiwa na umri wa miaka 68. Magari haya mawili yanakataa kona kwa sababu zinazopingana, na yanatibiwa na mguu uleule unaojua wakati wa kukopa uzito.

Sasa tuingie chini ya gari. Impreza ya miaka ishirini na mitano ina bushi za mpira kwenye mikono ya chini ya mbele, na mpira huo umekauka, umepasuka au umelegea. Dereva anapofunga breki, gurudumu linarudi nyuma kidogo na mwelekeo wake unabadilika bila ruhusa. Fikiria fundi amepima alaimenti gari likiwa limesimama, amekuandikia namba nzuri. Namba hizo zinakufa pale unapogusa breki. Kwa hiyo kupima alaimenti kabla ya kubadilisha bushi ni kutupa pesa, na bado ndiyo desturi. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unaweza kuwa boljointi au beringi. Wa kushoto na kulia unakupeleka kwenye tai rodi na kisanduku cha usukani. Chukua mtaimbo usukume mkono wa chini ukitazama bushi. Tazama shokabzoba kama zimetoka jasho la mafuta. Barabara zetu za makorogesheni huua shokabzoba kwa joto kabla hazijavuja. Iliyokufa huiacha tairi irukeruke, na tairi iliyo hewani haigeuzi gari.

Bushi mpya za mpira za kiwanda zinatosha. Ziko za poliyurethani ambazo ni ngumu zaidi na hushikilia mwelekeo vizuri, lakini kwenye murram zinapeleka kila pigo kwenye chasisi, na za bei ya chini hupiga kelele zikiingia vumbi. Kwa gari linaloshindana mara moja kwa mwezi na kwenda sokoni siku nyingine, mpira.

Baada ya hapo ndipo alaimenti. Asiye na mashine karibu naye, na kati ya Lodwar na Kainuk huwezi kuitegemea, anaweza kupima mwelekeo wa magurudumu kwa kamba mbili zilizonyooshwa sambamba pande zote mbili za gari, na rula ya chuma. Ni kazi ya subira ya saa mbili, na ikifanywa vizuri inaaminika. Magurudumu ya mbele yakifunguka nje milimita mbili kwa jumla, gari hujibu usukani upesi mlangoni mwa kona. Zaidi ya hapo linayumba kwenye barabara ndefu na kula tairi. Mwinamo wa magurudumu ya mbele, sehemu ya juu ikiinamia ndani kwa digrii moja au moja na nusu, unatosha kwa udongo. Watu wa lami huenda zaidi ya mbili, na wana sababu: kwao upana mzima wa tairi ndio unaoshika, ilhali kwetu ni ukingo wa tairi unaochimba.

Tairi zenyewe zina tarehe. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka kwenye jua la Lodwar inaweza kuwa na meno yote na bado mpira wake umekuwa mgumu kama mbao. Dereva wa kipato cha kawaida huweka tairi zenye meno mazuri nyuma, na kwa barabara ya kawaida hiyo ni busara, kwa kuwa mkia ukitupwa ghafla huua. Kwenye uwanja wa mashindano, jozi nzuri ikikaa mbele gari linageuka mara moja. Ila kwenye Impreza tairi za mbele na nyuma lazima ziwe na mzingo unaolingana, la sivyo difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika na kuungua.

Presha nayo ibadilishwe kwa kipimo. Anza na ile ya kitabu, shusha zote kama psi nne kwa murram, kisha uongeze mbili nyuma peke yake. Mkia utalegea kidogo na pua itapata nafuu. Pima wakati uleule wa siku. Alfajiri Lodwar ina nyuzi joto kama 25 na mchana hupita 35, na tofauti hiyo pekee hupandisha presha karibu psi mbili hata gari likiwa limesimama. Kijana anayerekebisha tairi asubuhi na kushindana adhuhuri anajaribu gari ambalo silo alilolirekebisha.

Nimetaja difu ya kati. Impreza nyingi za gia za mkono za kizazi hicho zina difu inayogawa nguvu nusu kwa nusu, ikisaidiwa na chombo chenye mafuta mazito ya silikoni. Chombo hicho kikizeeka hukaza. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yanakuwa kama yamefungwa kwa mti mmoja, na kwenye kona kali ya koni gari linataka kunyooka tu. Jaribu mahali pa wazi: kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole gia ya kwanza bila mafuta. Likisitasita, likirukaruka au kujikaza kama limefungwa breki, umepata sababu ambayo hakuna springi itakayoiondoa. Nimeona hili likisahaulika kuliko jambo lolote jingine kwenye gari la aina hii.

Na stabilaiza, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia? Ushauri maarufu kuliko yote ni kufunga stabilaiza nene nyuma. Kwenye lami ni ushauri mzuri. Chuma hicho kinalazimisha tairi ya nyuma ya nje kubeba zaidi ya sehemu yake na ya ndani kubeba kidogo, ekseli ya nyuma inapoteza mshiko, na uwiano unaelekea mbele. Kumbuka tu gharama yake: nyuma imepunguziwa mshiko. Kwenye murram wenye mawimbi na mashimo, chuma hichohicho kinainua gurudumu la ndani hewani na unapoteza msukumo wa kutokea kwenye kona. Kwa uwanja wetu napendelea njia ya kinyume: kulegeza mbele. Kwa jaribio fungua linki za stabilaiza ya mbele, funga chuma chenyewe kwa waya kisiguse kitu, zunguka mara tano ukipimwa muda, kisha uzirudishe kabla ya kurudi barabarani. Haikugharimu ila jasho. Ukiona gari limepona, umejua upande wa kutafuta dawa.

Kushusha gari nakukataa waziwazi. Impreza iliyoshushwa hadi mikono ya chini ikaelekea juu inapoteza mwinamo wa gurudumu kila inapolala kwenye kona, na haina nafasi ya kumeza shimo. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda nayo Safari ya 1965 ilikuwa gari lililokwisha kutumika kabla ya kufika mikononi mwao, na umbo lake lilikuwa la miaka ya 1940. Lilikaa juu, likameza kila kilichokuja.

Majaribio haya usiyafanye kwenye barabara kuu ya Kitale na Lodwar, yenye malori ya Juba na mbuzi wasiotangaza kuvuka. Tafuta uwanda mgumu ulio wazi, omba ruhusa kwa wenye ardhi, panga matairi makuukuu badala ya koni, weka mtu wa saa. Badilisha kitu kimoja tu, zunguka mara tano, andika kwenye daftari muda na mahali gari lilipokataa: mlangoni, katikati au kutokea. Mizunguko mitano ya kwanza isiwe na badiliko lolote isipokuwa mguu: breki mapema, achilia taratibu, kata kidogo kuliko unavyotaka. Wengi huona muda ukishuka hapo hapo, kabla hawajafungua boksi la spana. Andika namba hiyo juu ya ukurasa. Kila bushi, kila psi na kila chuma kitakachofuata kipimwe dhidi yake.